Jino Bovu la Lusia

Lusia alizoea kucheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Alikulia Mbalizi, kwenye mkahawa mdogo wa baba yake, Anania, na tangu utotoni alikuwa akikomba sukari iliyobaki chini ya vikombe vya wateja. Mama yake, Damari, aliona ni raha ya mtoto tu, wala hakumkataza. Kufikia mwaka 1954, alipochumbiwa, jino lake moja la mbele, la juu, lilikuwa limetoboka na kumeguka nusu.

Mchumba wake alikuwa Kalinga, dereva wa lori, Mhehe wa Idodi. Kila alipopita Mbalizi alikunywa chai pale, na hakuwahi kulisema lile jino. Aliyeona haya ni Anania. Hakutaka binti yake aingie ukweni akiwa na jino la namna ile, basi akampeleka Mbeya mjini kwa Chandrakant, sonara aliyekuwa akiwavalisha watu meno ya dhahabu.

Chandrakant alilitazama lile jino, akaligonga kidogo, Lusia akashtuka. Sonara akakataa kazi. Alieleza kwamba uozo umefika kwenye mzizi, na dhahabu huvalishwa jino lililo zima ndani. Aende kwanza kwa daktari, lisafishwe au ling'olewe. Anania akamsihi. Harusi ilikuwa imekaribia, na daktari wa meno alikuwa mbali. Akarudi tena na tena, mpaka yule sonara akachoka kubishana, akalichonga jino na kulivika kofia ya dhahabu.

Siku ya harusi Lusia alicheka mikono ikiwa chini. Kabla hajapanda lori la mumewe, baba yake alimvuta kando.

"Likikuuma, vumilia," alimwambia. "Wakwe zako wasijue kilichomo humo ndani. Watasema tumewapa mgonjwa."

Damari alisikia, akaendelea kupakia mizigo ya bintiye kwenye lori.

Huko Idodi maumivu yalianza polepole. Lusia akawa anatafunia upande mmoja, kisha akaacha kabisa kula ugali. Kalinga alikuwa safarini na lori. Mama mkwe alipoona chakula kinarudi jikoni, alidhani mkamwana ana mimba, akafurahi na kumwachia kazi nyepesi. Lusia hakumsahihisha.

Kalinga aliporudi alimkuta mkewe ana homa kali, uso umevimba hata jicho moja halifunguki. Alimpakia kwenye lori saa ile ile, wakaenda Iringa hospitali. Daktari aling'oa lile jino pamoja na dhahabu yake, usaha ukamwagika. Akamchoma sindano, lakini alimwambia Kalinga kwamba sumu imekwisha kupanda kichwani. Lusia alifariki kabla wazazi wake hawajafika. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, nao walikwama Nyololo.

Walizika Idodi. Baada ya mazishi Kalinga alikuja akakaa mbali kidogo na wakwe zake, kwa heshima, macho yake chini.

"Mama," alisema, "mbona hakuniambia?"

"Tulimkataza," Damari alisema.

"Mimi ningemwoa hata kama angekuwa kibogoyo," Kalinga akasema, akainuka na kwenda walikokaa wanaume wenzake.

Wazazi wakarudi Mbalizi na kuufungua tena mkahawa, maana walikuwa na mtoto mwingine wa kulea, Anyitike, mdogo wake Lusia. Kila jioni Damari humpa mswaki wa mti na maji ya chumvi, kisha humfunua midomo na kumkagua. Anyitike akisema tu kwamba jino linamuuma, mama huacha chungu motoni, akamshika mkono na kutoka naye kwenda hospitali. Mara nyingi huambiwa kwamba mtoto hana kitu. Anania huwatazama wakitoka, akaendelea kumimina chai.