Darubini ya Mabwe na Saa za Kazi

Taarifa ya ukaguzi ilikuwa na mistari minne tu, na Nyanjige aliisoma mara mbili akiwa amesimama. Ilisema kwamba darubini ya kisiwa cha Mabwe ilikutwa imefungwa saa nne asubuhi, siku ya Jumanne, bila ruhusa wala cheti cha daktari. Kuanzia Alhamisi, darubini ifunguliwe saa moja na nusu asubuhi na kufungwa saa tisa na nusu alasiri, kama watumishi wengine wote.

Mabwe ni kisiwa cha mawe na vichaka, nusu saa kwa mtumbwi wa injini kutoka upande wa Mwamanyili. Juu ya jiwe kubwa kuliko yote pamejengwa kibanda cheupe ambacho paa lake huteleza. Ndani mna darubini yenye unene wa ndoo, na hiyo haina haja na mtu wa kuchungulia. Jua likizama hufungua paa yenyewe, ikatazama nyota ilizoagizwa na chuo, na kukipambazuka ikajifunga. Ikinusa mvua, hujifunga kabla ya tone la kwanza. Nyanjige, aliyeuza dagaa miaka kumi na tisa kabla ya kupata kazi hii, alifuta vumbi, alifukuza mijusi na kutunza ufunguo. Zaidi ya hayo alikuwa na amri moja kutoka kwa Daktari Lusajo, mwenye darubini: jua lisiingie kwenye jicho lile. Likiingia hata dakika moja, kamera imekufa, na hakuna ya pili.

Wiki ile amri hiyo ilikuwa nzito kuliko siku zote. Jumamosi, nyota moja ambayo hufifia mara moja kila miaka mitatu ilitarajiwa kufifia. Daktari Lusajo alikuwa ameisubiri tangu mvi zake zikiwa za kuhesabika. Nyanjige alimpigia simu kuhusu ile taarifa. Simu iliita mpaka ikachoka.

Alhamisi, saa tatu, mtumbwi ulifika. Alishuka Bwana Novatus, mkaguzi kutoka ofisi moja pale Bariadi ambayo jina lake halitatusaidia kitu. Alivaa suti ya kijivu, na juu ya suti jaketi jekundu la kuokolea, ambalo hakulivua hata alipokuwa juu ya jiwe, mbali na maji. Nyuma yake alikuja Harieth, binti wa kompyuta, amekumbatia laptopu kama mtoto mwenye homa.

"Mwangaluka, bhabha," Nyanjige alisalimu kwa Kisukuma, kama anavyoamkiwa baba asubuhi.

"Nzuri, mama," akajibu Bwana Novatus, kama wanavyojibu waliohamia. "Mtumishi yuko wapi?"

"Mtumishi yupi?"

"Darubini."

"Imelala, bhabha. Imekesha."

Bwana Novatus alimgeukia Harieth. "Andika. Imekutwa imelala."

Harieth hakuandika. Nyanjige alieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mkwe, kwamba nyota hazionekani mchana.

"Sijasema itazame nyota," alisema Bwana Novatus. "Mimi nimesoma. Mchana kuna jua, na jua nalo ni nyota. Ianze na lile linalopatikana saa za kazi. Hizo za usiku tutaona kwenye bajeti ijayo."

"Jua litaiunguza."

"Nani kasema?"

Nyanjige hakutaka maneno mengi. Aliingia kibandani akatoka na kioo cha kukuzia ambacho Daktari Lusajo alimwachia. Aliitandaza ile taarifa juu ya jiwe, akakishika kioo juu yake na kukusanya jua mpaka likawa nukta ndogo nyeupe. Karatasi ikafuka moshi. Tundu likatokea hapohapo palipoandikwa "mara moja", likaanza kula sahihi, Nyanjige akalizima kwa kidole.

Harieth alikohoa. Ukimsikiliza vizuri, hakikuwa kikohozi.

Bwana Novatus aliinama, akaliangalia tundu muda mrefu. "Hiyo ni karatasi," alisema. "Darubini ni chuma. Mimi natekeleza mwongozo, mama, na mwongozo haujasema habari za vioo. Harieth, ielekeze kwenye jua. Mama, fungua."

Harieth alimwangalia Nyanjige, na macho yake yalisema alichokijua. Lakini alikuwa na miezi minne tu kazini, bado yuko kwenye majaribio. Akafungua laptopu polepole, kama anayefungua jeneza.

Ufunguo ulikuwa kwenye kamba shingoni mwa Nyanjige. Aliushika. Kumnyima mkubwa ufunguo ni kupoteza kazi leo. Kumpa ni kuipoteza Jumamosi, nyota itakapofifia bila wa kuitazama. Ndipo akamkumbuka baba yake, aliyefuga ng'ombe wa watu kule Mwanhuzi.

"Bhabha, huku kwetu mwenye ng'ombe wengi huwagawa kwa jirani wamfugie," alisema. "Ng'ombe akifa, aliyemfuga humpelekea mwenyewe ile ngozi, akasimama mbele ya watu aseme amekufaje. Asiyeleta ngozi huyo amekula."

"Vizuri. Sasa?"

"Huyu ni ng'ombe wa Daktari. Nakupa kamba, kwa sababu wewe ni mkubwa. Ila akifa, mimi nitahitaji ngozi, na huyu ngozi yake ni karatasi."

Akaleta kitabu cha wageni. Alipiga mstari chini ya jina la mwisho, akaandika kwa herufi kubwa alizojifunzia kwenye elimu ya watu wazima: MIMI NIMEAGIZA DARUBINI ITAZAME JUA. IKIFA, NIMEIUA MIMI. Akamkabidhi kalamu.

Bwana Novatus alisoma, akatabasamu, akaandika kwa haraka ya mazoea: *k.n.y.*

"Hapana, bhabha. Hiyo ni kwa niaba ya nani?"

"Ya ofisi."

"Ofisi haina ngozi. Andika wewe, majina matatu."

Miaka kumi na saba Bwana Novatus alikuwa ameweka sahihi kwenye barua elfu na ushei, zote kwa niaba ya mtu mwingine. Jina lake kamili lilikuwa sehemu tatu tu: cheti cha kuzaliwa, cha ndoa, na fulana ya bonanza la watumishi. Kalamu ilishuka mpaka karibu na karatasi, ikapaa. Ilishuka tena. Jasho lilimtoka chini ya jaketi la kuokolea.

"Harieth," alisema hatimaye, "hivi watumishi wa zamu ya usiku, mwongozo unasemaje?"

"Wanapumzika mchana, bosi," Harieth alijibu kabla swali halijatua.

"Sasa kwa nini hamkuniambia kwamba huyu yuko zamu ya usiku?"

"Nimesema imekesha," Nyanjige alisema.

"Kukesha ni tabia, mama. Zamu ni utaratibu."

Akarudisha kalamu, akala sato wa kukaanga na ugali, akasifu upepo, akaondoka saa saba.

Jumapili asubuhi Daktari Lusajo alituma picha kwenye simu: mstari wa nukta nyingi, na katikati bonde dogo lisilo na kasoro. Nyota ilikuwa imefifia, na darubini ilikuwa macho. Chini yake, akimwita mama kwa Kisukuma, aliandika, "Asante mayu. Samahani, nilikuwa kwenye semina ya uwajibikaji, simu walizikusanya mlangoni."

Baada ya wiki tatu ikaja bahasha kutoka Bariadi. Ndani mlikuwa na fomu ya mtumishi mpya wa zamu ya usiku, ijazwe na kurudishwa. Nyanjige alikaa kwenye jiwe, mgongo kwenye ukuta wa kibanda. Jina: Darubini. Jinsia aliiacha wazi. Kituo: Mabwe. Ulemavu: haioni mchana. Alipofika kwenye ndugu wa karibu wa kuarifiwa mtumishi akipatwa na jambo, alisita kidogo, akasikiliza kule ndani ambako hakukuwa na sauti yoyote. Kisha akaandika majina yake yote matatu, na pale pa sahihi akaweka yake, bila *k.n.y.*