Shahidi Asiye wa Ukoo

Bravin Angwenyi alikuwa ametuma makala kumi na moja kwa Mkokoteni, na zote kumi na moja zilikuwa zimeanguka. Mkokoteni ni tovuti ya habari inayoendeshwa na watu wasiolipwa. Mmoja anaandika, mwingine anakagua, na mkaguzi asiporidhia, hakuna kinachochapishwa. Sheria zake hazijazi kiganja: kila habari iwe na mashahidi wawili wasiotegemeana, mwandishi aliyekuwepo akihesabiwa mmoja, jamaa wa mwandishi hahesabiwi kuwa shahidi, na habari ikipitisha siku tatu tangu tukio bila kukaguliwa, hutupwa, maana imechacha.

Makala ya kumi na mbili ilikuwa tofauti, na Bravin alilijua hilo. Jumatano, saa moja jioni, kwenye kituo cha kununulia chai cha Riamogaka, mwendo wa nusu saa kutoka Ikonge, wanawake walikuwa wamechoka kuambiwa na karani kwamba majani yao ni mepesi. Mmoja wao, Bonareri, akakimbia dukani akarudi na bunda la unga wa mahindi, pakiti kumi na mbili za kilo mbili mbili, halijafunguliwa. Wakalitundika kwenye ndoano ya mizani. Kila mtu anajua bunda hilo ni kilo ishirini na nne. Mshale ukasimama kwenye ishirini na moja.

Bravin alikuwepo. Aliliona kwa macho yake mawili, akapiga picha, akaandika usiku huohuo. Lakini kabla ya kuandika habari aliandika shairi, kwa kuwa ushairi ndio uliomtoka kwanza kila alipokasirika. Alikuwa amejifunza mizani na vina peke yake, bila mwalimu, na hakuwa mtu wa kuficha taa chini ya pishi. Alilituma kwenye kundi la WhatsApp la kijiji:

*Karani wa kituoni, mizani yako ni jela,*
*Twachuma kutwa shambani, kilo wewe unakula,*
*Jani letu li kapuni, ulipunguza kwa hila,*
*Mwizi wetu ni mgeni, kwao arudi kulala.*

Kufikia asubuhi watu arobaini walikuwa wamelisifu. Alasiri wanawake walikuwa wakiliimba wakichuma. Bravin alitembea kijijini kama mtu aliyevaa koti jipya.

Makala yenyewe ilimfikia Damaris siku ya Ijumaa. Damaris alikuwa mkaguzi wa Mkokoteni kwa upande wa Kisii na Nyamira. Kazi ya kumlisha ilikuwa kupanga vijitabu vya mazishi katika duka la uchapaji mjini Kisii, na pengine ndiyo iliyomfundisha kuuliza nani ni nani wa nani. Alimpigia Bravin saa kumi jioni.

"Angwenyi, umeandika vizuri. Nimefuta 'unyama' na 'damu ya mkulima'. Sasa nieleze mashahidi. Huyu Orpah ni nani wako?"

"Ni mama mdogo."

"Na Bonareri?"

"Ameolewa na binamu ya baba."

"Nyanchama?"

Bravin alikohoa. "Huyo ni dada."

"Dada wa kanisani au wa tumbo moja?"

"Tumbo moja."

"Mzee Zachariah je?"

"Babu yake na babu yangu ni ndugu."

Damaris alicheka hadi akaweka simu chini. Aliporudi alisema, "Kijana, hii si habari, hii ni mkutano wa ukoo."

"Dada Damaris, kilima chote hiki ni watu wa ukoo mmoja! Nitatoa wapi mgeni? Nimzae?"

"Hakuna hata mmoja?"

Alikuwepo mmoja. Obwocha, karani mwenyewe, alikuwa mtu wa Ogembo, ameletwa pale miaka miwili iliyopita, hana shangazi wala shemeji upande ule.

"Kuna karani," alisema.

"Umemuuliza?"

"Nimuulize mwizi kama ameiba?"

"Muulize mizani ina nini. Habari yako inachacha kesho saa moja jioni. Jua likizama leo mimi siko, ni Sabato. Litazama tena kesho saa kumi na mbili na dakika thelathini na kitu. Nitafungua kompyuta wakati huo, si kabla. Ukiwa na shahidi, tuna kama dakika ishirini."

"Na nisipokuwa naye?"

"Itakuwa ya kumi na mbili," Damaris alisema, akakata simu akamalizie kazi zake kabla ya giza.

Jumamosi kilima kilikuwa kimya. Waadventista walikuwa kanisani na kituo kilikuwa kimefungwa, hakuna aliyechuma. Bravin alikwepa kanisa kwa kumwambia mama yake, Bathsheba, kwamba anaumwa tumbo, akateremka hadi Ikonge. Obwocha alipanga chumba nyuma ya duka la mbolea. Alimkuta uani akifua, suruali imekunjwa hadi magotini, redio ndogo ikiimba kando ya beseni. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mrefu, mwenye subira ya mtu aliyetukanwa na wakulima kwa lugha zote.

"Habari ya leo, mzee."

Obwocha alimtazama, akaendelea kusugua kola. "Wewe ndiye mshairi."

"Mimi naandika habari."

"Basi nina bahati. Nilidhani umekuja na ubeti wa pili."

Bravin alieleza shida yake, kwa kirefu na kwa Kiswahili cha kamusi, kama alivyozoea kufanya mbele ya watu asiowapenda. Obwocha alikamua shati, akalitundika, akaingia ndani. Alitoka na daftari la kituo. Alilishika kifuani, hakulifungua.

"Humu mna jibu lako. Lina tarehe na sahihi. Lakini kwanza nikuulize. Juzi mama yangu alipigiwa simu kule Ogembo. Ana miaka themanini na mbili. Akaambiwa mwanawe ni mwizi, na kwamba kuna wimbo. Ule wimbo uliutoa wapi?"

"Niliona mshale."

"Nilikuona ukiuona. Mkono wangu uliuona wapi?"

Bravin alitazama povu ndani ya beseni.

"Rudi kwenye lile kundi," Obwocha alisema. "Andika kwamba uliniita mwizi na hukuwa na ushahidi. Usitie vina, wataanza kuimba tena. Ukishaandika, nitafungua daftari."

"Na kama daftari lenyewe linaonyesha wewe ni mwizi?"

"Basi utakuwa umepata habari kubwa zaidi. Mbona unaogopa?"

Ilikuwa saa tisa. Bravin alitoka akakaa kwenye kizingiti cha duka la mbolea. Alifikiria makala kumi na moja. Alifikiria wale watu arobaini, na jinsi shairi lile lilivyokaa, kina cha ndani na cha nje, halina silabi ya ziada. Hajawahi kuandika jingine safi kama lile. Aliandika sentensi akaifuta. Akaandika nyingine iliyosema kwamba huenda maneno yake yalieleweka vibaya, akaifuta pia, maana yalikuwa yameeleweka vizuri kabisa. Saa kumi kasorobo alituma hii: "Niliandika kwamba karani Obwocha ni mwizi. Sina ushahidi wa hilo. Nilikosea kuliandika. Bravin Angwenyi."

Alirudi uani akamwonyesha simu. Obwocha aliisoma mara mbili, akafuta mikono, akafungua daftari.

Jumatatu, siku mbili kabla ya bunda la unga, lori la kubebea majani lilirudi nyuma likagonga nguzo ya mizani. Obwocha alikuwa ameandika hivyo, kwa wino wa buluu: mizani imelegea, yapunguza, naomba fundi. Chini yake Jumanne: naomba fundi. Jumatano asubuhi: fundi hajafika. Kila mara dereva wa lori alikuwa ametia sahihi kwamba amepeleka ujumbe kiwandani.

"Na ukaendelea kupima," Bravin alisema.

"Niliendelea."

"Ukijua."

"Nikijua. Jani likilala linaoza, na ningefunga kituo mngenichoma. Hilo pia liandike. Mimi siombi unipake asali."

"Mbona hukuwaambia watu?"

"Ningewaambia mizani imelegea, wangesema ni mimi niliyeilegeza. Mimi si wa kwenu."

Bravin alipiga picha kurasa tatu. Akampigia dereva, ambaye naye alikuwa ameoa Riamogaka na kwa hiyo ni shemeji. Akayaondoa maneno ya dereva. Aliandika upya akiwa amesimama, kwa sentensi fupi. Alijaribu mara moja kuuweka mshale "ukitetemeka kwa aibu", akautoa mwenyewe.

Akiwa njiani kupanda kilima simu ilikuwa ikilia mfululizo. Kundi lilikuwa limepata sentensi zake. "Amehongwa," aliandika Mogaka, yule yule aliyekuwa wa kwanza kulisifu shairi. "Amekula unga wa Bonareri na chai ya karani," aliandika mwingine. Dada yake Nyanchama aliweka kikaragosi cha mtu aliyefunika uso. Bravin alianza kuwajibu na ubeti ukamjia wenyewe, mistari mitatu mizima; aliifuta kwa kidole gumba, si kwa wema, bali kwa sababu ilikuwa saa kumi na mbili na nusu na mtandao ulikuwa dhaifu na aliuhitaji wote.

Alituma. Jua lilizama. Alisubiri chini ya mgomba penye mtandao, akitazama saa.

Ujumbe wa Damaris ulifika saa kumi na mbili na dakika hamsini na tatu. "Nimefuta neno moja. Imepita."

Mama yake alikuwa ameshavua nguo za kanisani na alikuwa akiwasha moto. Alikuwa amesikia mambo ya kundi. Kila mtu alikuwa amesikia. Alimwambia asome. Bravin alisoma, akitafsiri kwa Ekegusii kadiri alivyokwenda: lori, nguzo, daftari, bunda la unga, kilo tatu zilizopungua, kiwanda kilichoombwa fundi kisimlete. Ilimchukua dakika mbili. Hakukuwa na mstari hata mmoja wa kuimbwa.

Bathsheba alivuta kuni moja nje, moshi ukapungua. "Mbona hujasema ni nani aliyetuibia?"

"Sijui kama mtu alituibia, Mama."

"Basi ungeandika hivyo, kwamba hujui."

"Ndivyo nilivyoandika."

Bathsheba akamwambia aanze tena tangu pale lori liliporudi nyuma, na safari hii asome polepole.