Kiti cha Kutengeneza

Mwalimu wa darasa la kwanza hakuwa na muda wa kupoteza. Watoto walimwita Mwalimu Chapuchapu, na yeye alilichukulia jina hilo kama sifa. Alifuta ubao huku anaita mahudhurio, alimfunga mtoto mmoja kamba za viatu huku anamsikiliza mwingine akisoma, na kila alipotoka chumbani alizima taa bila hata kuangalia mkono wake unakwenda wapi. Nyumbani ilikuwa vilevile. Binti yake wa sekondari alishasema kwamba humo ndani hata friji inamwogopa mama.

Kufundisha kwa mdomo mtupu hakukuamini. Kiangazi watoto wake walifyatua matofali madogo kwa viberiti vitupu wakajenga ukuta nyuma ya darasa. Upepo ulipoanza walitengeneza vishada, na nusu yake viliishia juu ya paa la ofisi. Mvua zilipoingia na uwanja ukawa tope tupu, aliwauliza wangependa mvua hii iwaletee nini. Wengine walisema vyura. Mmoja alisema likizo. Msichana mdogo kuliko wote, ambaye kwa udogo wake wenzake walimwita Nukta, alisema bibi yake ana kuku wanaotaga sana, na yeye angependa kuona kifaranga anatokaje.

Basi wakaunda kiatamio. Katoni ya sabuni, taulo kuukuu, balbu moja iliyochomekwa kwenye soketi ya dirishani, sahani ya maji ili hewa isikauke, na kipimajoto kilichoazimwa ofisini. Bibi yake Nukta alileta mayai kikapuni, kila moja limeviringishwa kwenye gazeti. Watoto walichora msalaba upande mmoja wa kila yai na duara upande wa pili, wapate kujua lipi limegeuzwa na lipi bado, wakapeana zamu za kugeuza. Ukutani walibandika kuku wa karatasi ya manila asiye na manyoya. Kila asubuhi aliyekuwa zamu alimgundishia unyoya mmoja. Kuku akijaa manyoya, vifaranga watatoka.

Mlangoni palikuwa na swichi kubwa inayokata umeme wa chumba kizima, na mwalimu huyu alikuwa na desturi ya kuishusha kila Ijumaa. Watoto walimjua. Walibandika karatasi juu yake yenye mchoro wa kifaranga aliyenyoosha bawa kama askari wa barabarani. Mchoro ulikuwa wa Redio, mvulana ambaye mdomo wake haukuwa na pa kuzimia.

Ijumaa ya kwanza karatasi ilimkumbusha. Wiki ya pili walifunga mapazia, mwalimu akawasha tochi ya simu na kuiweka chini ya ule mrija wa kadibodi unaobaki karatasi ya chooni ikiisha, na juu yake akasimamisha yai. Ndani mlionekana mishipa myekundu kama mizizi, na katikati kitu cheusi kikaruka.

"Kinatupungia mkono," alisema Redio.

"Kuku hana mkono, wewe," alisema Nukta.

"Basi kinakupungia wewe bawa. Si ndugu yako, mmetoka nyumba moja?"

Darasa zima lilicheka, na Nukta akacheka kuliko wote.

Ijumaa ya wiki hiyohiyo, asubuhi, mwalimu aliona ile karatasi ya mlangoni imelegea kwa unyevu. Kona moja ilining'inia na gundi ilikuwa imeshika vumbi. Hakupenda kitu kichafu ukutani. Aliibandua, akaitia kwenye pipa la taka, akijiambia kwamba mchana angeandika nyingine safi kwa rula. Mchana ngurumo zikaanza, wazazi wakajazana kwenye ukumbi wa mbele na miavuli yao, na yeye akawa anasukuma watoto nje kama anaokoa mizigo. "Haya, chapuchapu, mvua haina mjomba." Akachukua mkoba, akavuta mlango, na mkono wake ukaenda ulikozoea kwenda.

Jumatatu aliingia wa kwanza, kama kawaida. Alibonyeza taa na taa haikuwaka. Alisimama akaitazama swichi kubwa imelala chini, kisha akaiendea katoni.

Mayai yalikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Aliyashika moja moja, akayapumulia, kitendo cha kipumbavu, na alijua ni cha kipumbavu. Akapandisha swichi. Balbu ikawaka kana kwamba haikuondoka popote. Akachukua simu na ule mrija. Yai la kwanza, giza limeegemea upande mmoja kama tope ndani ya chupa. La pili hivyohivyo. Hakumaliza kuyapima, kwa sababu sauti ya Redio ilishasikika nje akigombana na mtu kuhusu dimbwi.

Watoto walipoingia, kipimajoto kilikuwa kimepanda karibu na alama yake. Zamu ilikuwa ya Nukta. Aliosha mikono, akageuza mayai kutoka msalaba kwenda duara, ulimi umetoka nje kwa umakini, kisha akamgundishia kuku unyoya wake.

"Mwalimu, tuwachungulie tena," alisema Redio.

"Waacheni wapumzike. Wamelala."

Maneno yalimtoka kirahisi, na wepesi huo ndio uliomtisha. Alijiambia atawaambia baada ya mapumziko. Baada ya mapumziko akajiambia, huenda moja limenusurika, kwa nini niwavunje moyo bure? Nyumbani jioni aliacha taa ya jikoni inawaka, na binti yake akaja kumgusa paji la uso aone kama ana homa.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Mtu mwingine angeanza kusahau, lakini kila asubuhi watoto walimkumbusha kwa adabu. Walipita karibu na katoni kwa vidole vya miguu. Waliongea kwa kunong'ona, hata Redio, ambaye kunong'ona kwake kulisikika darasa la pili. Walibishana kama vifaranga wapewe majina kabla au baada ya kutoka. Nukta alileta kopo dogo la chenga za mahindi alizosaga mwenyewe, akaliweka dirishani tayari. Mwalimu alipotaka kuandika tarehe ubaoni aliligeuzia kopo lile mgongo.

Kuku wa manila alijaa manyoya. Siku hiyo walikaa kimya wakizunguka katoni, wengine wameegemeza masikio. Hakukutokea kitu. Kesho yake hakukutokea kitu. Siku iliyofuata chumba kilianza kutoa harufu, na mwalimu akafungua madirisha yote akasema ni ya mfereji.

Asubuhi yake bibi yake Nukta alikuja kabla ya kengele. Mjukuu alibaki nje, mgongo kwenye nguzo.

"Mwalimu, nimekuja na mtu wangu huyu. Hali, halali. Anasema ameua vifaranga."

"Ameua vipi?"

"Eti siku ya zamu yake ya mwisho alikwenda kuchota maji ya sahani, akasahau kugeuza mpaka mchana. Nimemwambia, mjukuu wangu, hata kuku mwenyewe huinuka akaenda kupiga soga na majogoo, na bado anaangua. Hanisikii mimi. Anasema wewe ndiye unajua."

Palikuwa na nafasi hapo, pana kama mlango. Mwalimu aliiona. Alitazama viatu vya bibi vilivyojaa tope, kwa maana mama huyu alikuwa ametembea kutoka kwake mvuani kwa ajili ya jambo hili tu.

"Si yeye, Bibi," alisema. "Mayai wakati mwingine hugoma tu. Hakuna mwenye kosa."

"Hivyo ndivyo nilivyomwambia. Ahsante, mwanangu. Wewe una moyo na watoto wa watu." Akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Nitakuletea mengine."

Mwalimu aliupangusa mkono ule kwenye sketi, akauweka mfukoni, akautoa tena.

Mchana Redio ndiye aliyelisema. Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa akipiga hesabu yake kwa sauti kama alivyofanya kila kitu. "Nukta alisahau kugeuza. Mimi nilimwona. Kwa hiyo ni Nukta."

"Ni Nukta," alisema mwingine.

"Nukta ameua ndugu zake," akasema wa tatu, na mara hii hakuna aliyecheka.

Kando ya kabati palikuwa na kiti kifupi cha mbao kilichoitwa kiti cha kutengeneza. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyekianzisha, na katika mikutano ya wazazi alipenda kukisifia. Hapa kwangu, alikuwa akisema, mtoto hachapwi wala hazomewi. Aliyeharibu anakaa pale, anasema mikono yake ilifanya nini, kisha anatengeneza. Aliyechana kitabu alikibandika. Aliyemwaga rangi alipiga deki.

Nukta aliinuka bila kuambiwa. Alitembea hadi kwenye kiti, akakaa, akaweka mikono yake juu ya magoti, viganja juu, ili watu waione.

"Mikono yangu," alianza, na sauti ikamkatikia.

"Toka hapo," alisema mwalimu.

Nukta alimtazama, hakuelewa kama amekosea tena.

"Inuka, mama. Hicho kiti leo si chako."

Mwalimu akakaa yeye. Kiti kilifanya magoti yake yafike kifuani, na sketi ikamvutika, na watoto wawili watatu wakaanza kutabasamu kwa sababu walidhani ni mchezo. Aliweka mikono juu ya magoti.

"Ijumaa ile ya ngurumo, mikono yangu ilishusha ile swichi. Balbu ilizimika. Mayai yalilala baridi mpaka Jumatatu. Vifaranga walikufa hapo. Nukta alisahau kugeuza wakati wameshakufa. Hakuna alichofanya."

Redio alisogea hadi mbele ya kiti.

"Ulizima tu kama unavyozima siku zote?"

"Ndiyo. Kama siku zote."

"Na karatasi yangu? Ya kifaranga askari?"

"Niliibandua asubuhi ile."

"Ilianguka?"

Angeweza kusema ilianguka. "Haikuanguka. Ilikuwa imechakaa, nikaona inachafua ukuta. Niliitupa."

Redio aliuangalia mlango, mahali pale patupu, na uso wake ukafanya kitu ambacho mwalimu hakuwahi kukiona usoni mwa mtoto yule.

Ni Nukta aliyeuliza lililobaki. "Jumatatu asubuhi ulijua?"

"Nilijua."

"Mimi nilikuwa nageuza."

"Nilikuona."

"Na wewe ulikuwa unaniangalia tu."

"Nilikuwa nakuangalia, nikanyamaza. Na leo bibi yako amekuja, nikanyamaza tena."

Nukta hakulia. Laiti angelia, mwalimu angejua la kufanya, kwa maana leso zilikuwa mfukoni na watoto wanaolia alikuwa na uzoefu nao. Mtoto alimtazama tu, kwa utulivu, kama mtu anayepima upya kitu alichokwisha kukipima.

"Sasa tengeneza," alisema msichana wa dawati la mbele. Hiyo ndiyo sheria. Aliyeharibu anatengeneza.

Mwalimu aliinuka kitini. "Hiki siwezi kukitengeneza," alisema. "Ninachoweza ni kuchimba shimo."

Walikwenda nyuma ya darasa, karibu na ule ukuta wa matofali ya viberiti ambao mvua ilikuwa imeshaula nusu. Mwalimu alichimba peke yake. Watoto waliotaka kusaidia aliwaambia wasimame, na udongo mzito ukamwingia chini ya kucha. Walimpa mayai moja moja, duara juu. Nukta alitoa la mwisho. Kisha akaenda ndani, akarudi na kopo la chenga, akazimwaga zote humo.

Bibi alikuja saa ya kuondoka. Mwalimu alimfuata langoni kabla hajafika darasani, mikono bado ina udongo, akamwambia lote, kuanzia karatasi. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Mikono iliyomshika mwalimu asubuhi ilibaki ndani ya khanga.

"Mayai ninayo," alisema. "Mayai si kitu. Lakini wewe uliniacha nikushukuru."

"Ndiyo, Bibi."

"Basi ngoja kwanza. Akitaka mjukuu wangu, nitaleta. Asipotaka, sileti."

Mwalimu alirudi darasani kufunga. Nukta alikuwa bado mlangoni, mkoba mgongoni. Ndani ya katoni tupu balbu ilikuwa inaendelea kuwaka juu ya taulo. Ilikuwa Ijumaa. Mkono wa mwalimu ulishafika kwenye swichi kubwa kabla hajajua kwamba umeinuka.

"Usizime," alisema Nukta.

"Hamna kitu humo ndani, mama."

"Najua."

Mwalimu alishusha mkono. Alivuta mlango taratibu, akafunga kwa ufunguo, na kupitia kioo mwanga ulionekana umebaki kule dirishani. Nukta alingoja mpaka ufunguo uingie mkobani. Kisha akashuka ngazi kumfuata bibi yake, bila kuaga.