Kilo Saba za Faiza

Roda, kiongozi wa safari, alikuwa ameshasema, na Roda akisema amesema: kilo saba kila mtu, ikizidi hata kijiko unabaki Garissa. Punda ni wa maji, si wa nguo za mtu. Walikuwa walimu wanne wa kike wanaotaka kutembea siku nne, Bura hadi Kotile, likizo hii ya Agosti. Na hali ya hewa ya huko haina ratiba. Asubuhi inakunyeshea, saa sita jua linakukaanga, jioni upepo unakujaza mchanga masikioni.

Maneno hayo yalimlenga Faiza. Mwaka jana ndiye aliyebeba kilo kumi na nne, akaketi chini kabla ya adhuhuri ya siku ya kwanza na kukataa kuinuka, wote wakarudishwa na lori la mchanga. Mwaka mzima walimu wenzake wakamwita Lori. Safari hii afike Kotile kwa miguu yake, ama aombe uhamisho hadi Rhamu, ambako hakuna anayemjua.

Kwa hivyo alifunga begi kwa roho ngumu. Koti la mvua, shuka nyepesi, dera moja ya kubadilisha, ndala. Sabuni aliikata nusu. Mswaki pia aliukata nusu. Kilo sita na kitu. Akafunga zipu, akaenda kuswali alasiri.

Aliporudi, begi lilikuwa limenenepa.

Eeddo Kaaha, shangazi yake anayeishi naye, alikuwa ameketi kando yake ametulia kabisa. Asubuhi alikuwa ameitangaza safari kwa kina mama wa maziwa sokoni. Hakuna aliyeelewa kwa nini mtu mwenye mshahara aende Kotile kwa miguu. Mmoja aliuliza kama Faiza amepoteza ngamia. Lakini jambo moja walilielewa vizuri: kuna mtu anaenda Kotile, na mtu akienda walipo ndugu zako, haondoki bila kitu chako mkononi.

"Eeddo, hii ni nini?"

"Nyirinyiri kidogo."

Hiyo kidogo ilikuwa mkebe wa lita mbili, nyama iliyokaushwa ikazamishwa kwenye samli. Chini yake kulikuwa na vitambaa vya bibi harusi fulani, dawa ya magoti, sukari, na chupa ya chai iliyojaa. Mzee Kulow wa jirani alikuwa ameleta kengele ya mbao ya ngamia. Faiza alipoinua begi, kengele ikasema kok. Siku nne za kok, akawaza, na Roda nyuma yangu.

Akaeleza kilo saba. Eeddo akasema hivyo vitu ni vidogo. Akaeleza Lori. Eeddo akasema kupumzika si aibu. Faiza akatoa shuka yake ili mkebe ukae vizuri. Akatoa dera. Akatoa ndala. Alipofika kwenye koti la mvua, mikono ikakataa.

"Eeddo, basi linaenda huko kila siku. Linafika siku hiyo hiyo. Mimi nitafika baada ya siku nne nanuka. Tupeleke hivi vitu kwa basi."

"Basi hajui mtu," Eeddo akasema. "Basi atakunywa chai na Maryan? Atamwambia sisi tuko aje?"

Alianza kukunja vile vitambaa vya harusi upya, ingawa vilikuwa vimekunjwa, akivilainisha kwa kiganja kama anayemlaza mtoto. Faiza alimtazama, kisha akaketi kando yake.

"Mara ya mwisho ulimwona Maryan lini?"

"Miaka kumi na moja."

"Na yeye ni dadako."

"Mwenye safari ni wewe."

"Eeddo, nenda wewe. Kesho. Na basi, na mizigo yote, na kengele."

Eeddo alisema haiwezekani. Alisema mbuzi. Faiza akasema mbuzi ataangaliwa na Abdijabar wa nyumba ya pili. Alisema magoti. Faiza akamwonyesha dawa ya magoti. Kisha Eeddo akainuka akaenda kutafuta gunia, na kabla ya magharibi alikuwa na magunia matatu na godoro.

Alfajiri Roda alitundika begi la Faiza kwenye mizani ya ndoano aliyoiazima buchani. Kilo sita na nusu. Alikigonga kioo cha mizani kwa kidole, mara mbili, asiamini.

Gari liliwashusha Bura. Saa nne hivi, wakiwa wameshaiacha nyuma, mvua ikawapiga. Barabara ikawa uji. Basi likaja nyuma yao polepole, likasimama, abiria wote wakawaangalia kwa huruma kama wafiwa. Eeddo Kaaha alitoa kichwa dirishani, godoro likiwa limemsukuma hadi shingo imepinda, akamwamuru Faiza aingie, nafasi ipo, akae juu ya sukari.

Matope yalikuwa yameshajaa viatuni. Hata Roda alikuwa anaangalia ule mlango.

"Nitafika Ijumaa," Faiza akasema. "Mwambie Maryan."

Eeddo alimtukana kidogo, kwa upendo, akamimina chai kwenye kikombe cha bati na kumpa. Faiza akainywa amesimama, matone ya mvua yakiongeza maji ndani yake. Eeddo akamwambia kikombe akae nacho, kitamsaidia njiani.

Faiza akamrudishia.