Mstari wa Miaka Tisa

Fundi aliacha sketi ya watu kwenye cherehani, sindano ikiwa bado imezama kwenye pindo, akajitupia mtandio na kutoka. Hasira ilikuwa imempanda tangu jirani yake mwenye saluni alipokuja kumwambia, meno yote nje, kwamba binti yake amechukuliwa darasa la vipaji. Kwenye mtihani, binti wa saluni alipata maswali thelathini na saba. Chiriku, binti wa fundi, alipata thelathini na nane, na jina lake halikuwamo kwenye orodha.

Chiriku ndilo jina alilopewa na mtaa mzima, maana mdomo wake haukujua likizo. Kila jioni alikaa chini ya meza ya kukatia vitambaa, akimtegea mama yake vitendawili vya kujitungia. Darasa la vipaji lilikuwa na maktaba, na mwalimu mmoja kwa watoto kumi na wawili. Kwa fundi, aliyeishia darasa la saba, huo ulikuwa mlango ambao yeye hata komeo lake hakuwahi kuliona.

Njiani kwenda shuleni alipanga maneno. Atasema yeye si msomi, lakini kati ya thelathini na saba na thelathini na nane, hata kuku anajua ipi kubwa. Alipofika aliyasema vilevile, na mwalimu wa vipaji, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, hakuchukia. Alimvutia kiti, akafungua kitabu chembamba kilichojaa safu za namba.

Akamweleza polepole. Mtoto halinganishwi na mtoto yeyote tu, bali na wenzake wa umri wake. Mwenye miaka minane akipata thelathini na sita, amevuka. Mwenye tisa, mpaka afikishe arobaini na moja. Binti wa saluni ana minane.

"Na wako, mama, hapa tumeandikiwa ametimiza tisa."

Kidole cha mwalimu kilisimama kwenye mstari wa miaka tisa.

Chiriku alikuwa na miaka minane.

Miaka mitatu nyuma, kiwanda cha nguo kilipomwita kazini, fundi hakuwa na wa kumwachia mtoto. Shule ilitaka miaka sita, Chiriku alikuwa na mitano. Basi alimwambia karani kadi ya kliniki imepotea, akamwongezea mwaka, kama anavyoacha kitambaa cha ziada kwenye pindo ili nguo imfae mtoto baadaye. Karani aliandika bila kuinua macho. Mtoto alishika masomo, hakuna aliyeuliza, na mama mwenyewe akazoea kuhesabu kwa hesabu ya shule.

Sasa hasira ilikosa pa kutua. Aliuliza hizo namba zilitokana na watoto gani. Mwalimu alikiri kuwa ni watoto wa mbali, wa zamani, ambao leo wana wajukuu.

"Hata mimi sikipendi kitabu hiki," alisema. "Lakini nikikitupa, watachaguliwa watoto wa wanaojuana."

Fundi aliaga bila kusema lake.

Jioni sauti ilitoka chini ya meza. "Mama, kitendawili."

"Tega."

"Nimekificha kisionekane, kumbe ndiyo kwanza kinakua."

Mkasi ulisimama katikati ya kitambaa. Fundi alisema ameshindwa, akatoa mji bila hata kujaribu, na Chiriku akanuna kwa kuwa mama siku hizi hachezi vizuri. Jibu lilikuwa mbegu.

Asubuhi alimpelekea mwalimu kadi ya kliniki, aliyoificha miaka mitatu chini ya droo ya nyuzi. Alisema yote, macho sakafuni. Mwalimu alisema wiki hiyo wazazi watano wamemletea vyeti vipya vya kuzaliwa vinavyonukia wino, watoto wote wamekuwa wadogo ghafla. Kadi hii yenye mihuri ya chanjo aliiamini. Ila orodha ya mwaka huu ilishafungwa.

"Nikirekebisha umri, mwakani atafanya tena mtihani, safari hii kwa mstari wake wa haki. Lakini muhula ujao atarudishwa darasa moja nyuma, kwa wa umri wake. Nisiporekebisha, atabaki alipo, na vipaji basi tena, maana anayehesabiwa kumi hapokelewi. Niandike?"

 Miaka ile haikuwa ya fundi, ilikuwa ya Chiriku, na mama alishaijibia mara moja bila kumuuliza mwenyewe. Aliomba asubiriwe mpaka mapumziko.

Alimkuta Chiriku penye mabomba ya maji, akamvuta pembeni, akachuchumaa ili walingane, akamweleza. Karani, kadi, kiwanda, na ule mwaka usiokuwepo. Kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema, Chiriku alikaa kimya, akisugua ncha ya kiatu kwenye saruji.

"Wenzangu wanajua?"

"Hapana. Mwalimu tu."

"Nikirudi nyuma watasema nimefeli."

"Watasema," alisema mama. Safari hii hakuongeza wala kupunguza kitu. "Na kosa ni langu, mwanangu, si lako."

Mtoto alimtazama vile mtu anavyomtazama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

"Mwambie aandike," alisema mwishowe. "Ila wewe usiwaambie. Nitawaambia mimi, kabla hawajasikia."

Kengele ililia. Akageuka, akaenda kusimama kwenye mstari wa darasa lake, wa mwisho nyuma, peke yake.