Alama ya Kosa kwa Asteria

Uchaguzi uliopita mwanangu Asteria alilikosa Bunge la Sweden kwa alama kumi na tisa tu. Kumi na tisa! Na yeye ni mkunga, miaka minane amekaa kwenye baraza la mkoa wa Stockholm akipigania wakunga waongezwe, na wakaongezwa.

Safari hii chama kilimweka tena wa kumi na nne kwenye orodha. Huku kwetu unachukua karatasi ya chama, lakini ukimtaka mtu fulani unatia X kwenye kisanduku kilicho mbele ya jina lake. Zikitosha hizo X, wa kumi na nne anawaruka wote walio mbele yake. Zisipotosha, anabaki kupiga makofi. Na Asteria alikuwa ameshaniambia, "Mama, nikikosa tena, sirudi."

Mwezi mmoja kabla ya kura, tulikuwa tunakunywa chai baada ya misa pale Alby, kitongoji chetu cha Stockholm. Damian, dereva mstaafu wa treni, akaniinamia.

"Mama Asteria, mara ile mimi sikumwangusha binti yetu. Karatasi yake niliitia kwenye bahasha safi kabisa, haina hata doa."

"Na alama je?"

"Ile X? Mtoto nilimbeba siku ya ubatizo, leo nimtie kosa?"

Wilkister, Mkenya wa Norsborg, akadakia: "Hata mimi! Mwalimu wetu akikuandikia hiyo X, ujue ni kiboko. Na huyu msichana ndiye alimzalisha binti yangu. Ningeanzia wapi?"

Nikaweka kikombe chini. Nikauliza meza moja moja. Watu ishirini na mmoja, wote walimheshimu mwanangu, wote waliacha kisanduku kitupu. Mjukuu wangu Nala akacheka mpaka akaziba uso. "Men mormor! Jamani bibi! Na wewe je?"

Mimi nilikuwa wa ishirini na mbili.

Basi haya yangeniua nisipoyafanyia kazi. Kesho yake nikasimama mlangoni pa stesheni ya Alby na mkoba wangu. Kila Mswahili aliyetoka, namkamata.

"Kitendawili!"

"Tega, mama."

"Daftarini ananiliza, kwenye kura ananichekesha."

Wanakuna vichwa. Damian mwenyewe alishindwa.

"Nipe mji," nikamwambia.

"Chukua Sundbyberg."

"Sundbyberg mbali, miguu inaniuma. Nipe Norsborg."

"Haya, chukua Norsborg."

"Nilikwenda Norsborg, nikaona watu wanampenda mtu na hawamwandikii X. Jibu ni alama ya kosa, baba. Darasani ni kosa. Hapa ndiyo vema yenyewe."

Akanitazama. "Kwa hiyo nikimpenda, namkosesha?"

"Mkoseshe sana! Ila mara moja tu, usije ukamchorea mkeka."

Wiki nne hizo nilikwenda kanisani, nikaenda msikitini nikasimama nje na akina mama wa Tanga, nikamwambia Mkongo mmoja aliyenijibu kwa Kifaransa na tukaelewana. Wilkister alishika upande wa Norsborg, akawa mkali kuliko mimi. "Kama humpendi, usitie. Kama unampenda, tia!"

Kura zikapigwa Jumapili. Alama za majina huhesabiwa taratibu. Siku zikapita, nikawa silali vizuri. Alhamisi mchana simu ikalia. Asteria, yuko zamu hospitali.

"Mama. Zimevuka."

"Zimevuka kwa ngapi?"

"Kwa mia nne na sita. Nimeingia, mama."

Machozi tu. Mtoto niliyemfundisha kusoma akininong'onea majina ya stesheni, leo anakwenda kutunga sheria za nchi nzima. Nikavuta pumzi nimpe baraka zake.

"Asteria mwanangu, Mungu..."

"Mama, subiri. Chumba cha nne wananiita, mtoto anakuja."

Simu ikakatika. Mheshimiwa mbunge kaenda kuzalisha.