Mpeni Mgongo Abu

Kalsom alifungua kamba mguuni mwa Abu, kasuku wake, na alipomaliza akatamani kuifunga tena.

"Mama Som, usimkodolee macho namna hiyo," alisema Hasnul, akifupisha jina lake kama kijiji kizima; alikuwa jirani yake, fundi pikipiki, ambaye ndiye aliyemfundisha kurusha ndege. "Ukiogopa wewe, ataogopa yeye. Ndege hawa huusoma moyo wa mtu kuliko mke anavyousoma wa mumewe."

"Basi huyu leo anasoma kitabu kizima," Kalsom alijibu.

Hasnul alicheka. Kalsom hakucheka. Kwa miezi mitatu Abu alikuwa ameruka nyuma ya nyumba akiwa na kamba nyembamba mguuni, akienda na kurudi, na kila alipotua mkononi Kalsom alimshukuru Mungu kwa ile kamba kuliko kwa zile mbawa. Leo hapakuwa na kamba. Mbele yao majaruba yalikuwa yamevunwa, yamebaki mabua makavu mpaka upande wa baharini, na juu ya mabua hayo anga lilikuwa limejaa tiara za karatasi zilizofungwa nyuzi.

Kila mwaka mpunga ukishaingia ghalani, wanaume wa kijiji kile hawashikiki nyumbani. Deraman, mumewe Kalsom, ndiye fundi wao. Alikuwa hatua kama mia mbili kutoka pale, amefunga uzi wa tiara yake kwenye kigingi. Tiara yenyewe ilikuwa kubwa kuliko mlango, yenye umbo la mwezi mchanga, imepambwa kwa maua ya karatasi za rangi ya dhahabu. Ilimchukua miezi miwili, na Jumamosi ingepelekwa mashindanoni. Kichwani mwa tiara alifunga upinde wenye utepe mwembamba, ule unaovuma upepo ukipita, na mvumo wake ulisikika mpaka msikitini.

Asubuhi ile, wakati akifunga vifurushi vya wali wa kupeleka sokoni, Kalsom alikuwa ameuliza, "Na hizo tiara zenu, Baba Hayati? Hazitamtisha?"

Deraman alimnyooshea kidole Abu, aliyekuwa ndani ya tundu lake sebuleni, chini ya tiara tisa zilizotundikwa ukutani. "Huyu miaka miwili analala chini ya tiara zangu. Mtoto wa seremala ataogopa msumeno?"

Hasnul naye alikubali. Kijiji kizima kingekubali. Nani kati yao hakulelewa chini ya tiara?

*

Abu aliletwa na Hayati, binti yao, siku alipopata mtoto na nyumba yake ya ghorofani mjini ikawa ndogo kwa wote. Alikuwa wa kijivu kama majivu, ndiyo maana ya jina lake kwa lugha ya kwao, mwenye mkia mwekundu na jicho la manjano lililomwona kila mtu kama mwizi. Kifuani alikuwa amejinyonyoa manyoya kwa huzuni. Wiki ya kwanza Kalsom aliingiza mkono tunduni kumpa maji, naye akamng'ata mpaka mfupani. Alama ile bado ilikuwapo, nusu mwezi mweupe kwenye kidole cha shahada.

Tangu hapo walikuwa wawili ndani ya nyumba moja, kila mmoja akimwogopa mwenzake. Kalsom alipopita na ufagio, Abu alipiga kelele. Abu alipopiga kelele, Kalsom aliangusha ufagio.

Hakuna aliyemfundisha njia aliyoipata. Aliipata mwenyewe siku moja baada ya alasiri, alipochoka kutazamana na lile jicho. Aligeuza kigoda, akampa mgongo, akaanza kusoma sura zake fupi za Kurani kwa sauti ya chini. Ndipo alipousikia mwili wa ndege ukilegea nyuma yake. Akafahamu. Anayekukazia macho mawili anataka kukula. Anayekupa mgongo hataki kitu.

Akafanya hivyo kila siku. Akimaliza kusoma hugonga kwa pete yake, mara mbili, kopo la mbegu za alizeti, kisha hunyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Miezi minne ilipita kabla mbegu ya kwanza haijachukuliwa. Wa saba, Abu aliinua mguu mmoja, akauweka kwenye mkono wake, akaurudisha, akauweka tena. Kalsom alilia siku ile, na usiku akamwombea yule ndege katika sijida, jambo ambalo hakumwambia imamu.

*

"Bismillah," alisema Hasnul. "Mwachie."

Kalsom aliinua mkono. Abu alikwenda, akazunguka juu ya mabua, mkia mwekundu ukiwaka, na Kalsom hakupumua mpaka kopo lilipogongwa na kucha zikatua mkononi mwake.

Mara ya pili alikwenda mbali zaidi, akarudi. Wanaume wa tiara walipiga makofi.

"Huyo Mama Som! Leo kasuku, kesho atarusha kuku!"

"Kuku wake wamesharuka zamani, kaulizeni kwa jirani!"

Kalsom alihisi uso ukipata joto, kwani hakuzoea kupigiwa makofi. Moyoni akasema: mara moja tena, wote waone. Baadaye alijua kwamba neno lile, wote waone, ndilo lililoifungulia balaa mlango.

Mara ya tatu upepo ulibadilika. Tiara ya Deraman ilivuma kwa sauti nzito, ikayumba upande, ikashuka kama kitu kinachowinda, na kivuli chake kikapita juu ya mgongo wa Abu. Kule sebuleni tiara zilikuwa bubu na zilikaa tu ukutani. Hii ilikuwa hai, ilinguruma, na ilikuwa na mbawa.

Abu alitoa ukelele ambao Kalsom hakuwahi kuusikia, wala hakujua kwamba alikuwa nao. Akapanda. Alipita juu ya vichwa vya watu, juu ya minazi ya ukingoni, akajibandika kwenye kilele cha mnazi mrefu kuliko yote, mahali makuti yanapochipuka. Huko chini walibaki kuona nukta moja nyekundu.

"Ya Rabbi," alisema Kalsom. Akaanza kukimbia.

*

Watu walishusha tiara zao ndogo wakakimbilia chini ya mnazi. Wote waliinua nyuso. Huyu anapiga mluzi, yule anaita "Abu! Abu!", wa tatu anatikisa kofia.

"Mleteni nyani wa Mzee Leh. Anaangua nazi mia kwa siku, kasuku mmoja atamshinda?"

"Atamwangua kweli! Mwili utashuka leo, kichwa kesho!"

Walicheka. Kalsom alijaribu kupiga mluzi, mdomo ukawa mkavu kama unga. Aligonga kopo, lakini kwa pupa, na pete ikapiga mara kumi, kama mashine. Juu kule Abu alijikunja akazidi kuwa mwembamba.

"Kwa nini hashuki?" alimuuliza Hasnul.

Hasnul alikuwa amevua kofia. Uso wake haukuwa tena wa mwalimu. "Hajui, Mama. Aliyelelewa ndani hajui kushuka. Woga humpandisha, lakini kushuka kunataka utulivu. Kasuku wangu wa kwanza alikaa juu ya mnara siku tatu."

"Ya nne?"

"Ya nne hakuwapo."

Upande wa baharini mwewe wawili wenye vichwa vyeupe walikuwa wakizunguka, wala hawakuwa na haraka. Jua lilikuwa limebakiza kimo cha mtu. Kalsom alihesabu: magharibi ikifika, giza litamkuta kule juu, ndege asiyejua bundi ni nini. Miezi kumi na tisa ya kumpa mgongo, ya mbegu moja moja, na yeye mwenyewe ndiye aliyefungua kamba, kwa sababu ya makofi. *Mola wangu*, alisema kimoyomoyo, *mimi nastahili, lakini yeye amefanya nini?*

Akatazama umati. Watu thelathini, macho sitini, yote yamemkazia Abu.

"Mpeni mgongo," alisema.

"Nini?"

"Geukeni! Kaeni chini, mgeukie shambani. Mtu yeyote asimtazame."

"Mama Som," alisema mmoja, "tumekuja kumwokoa au kumsusia?"

"Keti, wewe!" Hasnul alimvuta shati. "Keti kabla sijakukalisha!"

Wakaketi kwenye mabua, wanaume wazima, safu baada ya safu, migongo kwa mnazi, kama watu wanaongoja filamu kwenye ukuta usiokuwapo. Mmoja alianza kucheka, mwenzake akampiga kiwiko.

Kukawa kimya. Ndani ya kimya hicho ukabaki mvumo mmoja. Tiara ya Deraman bado ilikuwa juu.

Kalsom alimgeukia mumewe, aliyekuja mbio na wenzake. Kabla hajaambiwa, Deraman alisema haraka, "Naishusha. Naivuta sasa hivi."

"Ukiivuta si huyumba?"

Deraman aliangalia upepo, akaangalia mnazi. Hakuna aliyeijua tiara ile kumshinda. Kila uzi ukivutwa ingepepesuka kulia, moja kwa moja juu ya kile kilele. Kisha akarudi mpaka kwenye kigingi, akatoa kisu kidogo anachochongea mianzi, akaukata uzi.

Mvumo ulikatika kama pumzi. Tiara ilitikisa kichwa, ikalegea, ikaenda na upepo upande wa kusini, mbali na mnazi, juu ya majaruba ya watu wengine. Dhahabu yake ilimeta mara mbili, halafu haikuonekana tena.

"Inna lillahi," mtu alinong'ona kati ya wale walioketi. Hapo hakuna aliyecheka.

*

Kalsom aliketi mbele ya wote, mgongo kwa mnazi, kopo mapajani. Alianza kusoma. Sauti ilitoka imepasuka, akanyamaza, akaanza upya, chini zaidi, ile sauti ya sebuleni. Alisoma sura ya kwanza, ya pili. Nyuma yake alisikia mlio mwembamba wa mwewe, umekaribia, na kila mshipa wa shingo yake ulitaka kugeuka. Hakugeuka. Alibana vidole vya miguu ndani ya kandambili, akaendelea.

Aligonga kopo mara mbili. Safari hii ilikuwa mbili kweli.

Kimya.

Akasoma tena. Akagonga tena. Kitu kilianguka kutoka mnazini, kipande cha kuti kikavu, kikampita ubavuni, naye karibu apige yowe.

Halafu adhana ya magharibi ikapaa kutoka msikitini. Kalsom alinyamaza, kwa maana adhana husikilizwa, na hapo akabaki hana chochote. Sauti hana, mwanga unaondoka, mkono mtupu ameunyoosha nyuma kama ombaomba. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa tangu siku ya kujifungua. Aliitikia maneno ya mwadhini kwa midomo tu. Hii adhana Abu huisikia kila siku, alijiambia, na kila siku baada yake mimi hufunika tundu lake.

Makuti yalichakarika. Chini kidogo. Yakachakarika tena, chini zaidi. Ukafuata mpapatiko mzito usio na ustadi, upepo ukampiga shingoni, na kucha nane zikapenya nguo ya bega.

Ndege alikuwa akitetemeka mwili mzima, na kutetemeka kule kuliingia ndani ya mfupa wake mpaka hakujua nani anatetemeka. Kisha Abu akamng'ata sikio. Alibana kwa nguvu zake zote, na kitu cha moto kikateremka shingoni mwa Kalsom.

Hakupiga kelele. Alijua ukelele mmoja ungemrudisha mnazini, na mara hii moja kwa moja. Alikaa na machozi yakimtoka, mdomo umefungwa, mpaka mdomo wa ndege ukalegea wenyewe.

"Hasnul," alisema polepole mno. "Lete tundu. Tembea kinyumenyume."

*

Hasnul alimfunga sikio kwa kitambaa. Nyumbani, Abu alijibanza kwenye pembe ya mwisho ya tundu, manyoya yamembana mwili, mkia upande wao. Mbegu hakuzitaka. Kalsom aliposogea hatua moja, alipiga ule ukelele mpya, wa mnazini.

Kwa hiyo amerudi, Kalsom aliwaza, lakini hajarudi kwangu. Baada ya swala alikaa kwenye mkeka muda mrefu. *Niliomba umrudishe, ukamrudisha. Sikuomba aniamini tena. Hilo nilidhani ni langu tayari.*

Alipotoka alimkuta Deraman juu ya kiti, anateremsha tiara ukutani moja baada ya nyingine, taratibu, akizifunika kwa shuka ili Abu asizione zikipita. Alizipeleka kwenye banda la mianzi nje, zote tisa. Ukutani zilibaki alama nyeupe za mwezi.

"Jumamosi utapeleka ipi?" Kalsom aliuliza.

"Jumamosi nitakuwa na kazi." Deraman alifuta vumbi mikononi. "Umesema ilikuchukua miezi mingapi, mwanzoni?"

"Saba. Sasa anatujua, huenda ikazidi."

Kalsom aligeuza kigoda chake, akampa Abu mgongo. Deraman akaleta kigoda cha jikoni, akakiweka kando ya chake, akakigeuza vilevile. Alikuwa hajawahi kukaa hapo.

"Nisome nini?"

"Unachokijua. Chini-chini. Na usigeuke hata ukisikia nini."

"Nikiogopa?"

"Ogopa ukitazama ukuta," alisema Kalsom.

Wakasoma pamoja, Kalsom akitangulia kidogo, Deraman akimfuata kama maamuma nyuma ya imamu. Nyuma yao hakukuwa na sauti yoyote. Kalsom aligonga kopo mara mbili, akanyoosha mkono nyuma, akangoja.